Baba Yuko Kaburini, Nani Apimwe?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala kuhusu haki za mtoto. Mmoja wa wasemaji (simtaji, anajijua) alisimama akatangaza kwamba siku hizi hakuna kukana mtoto, ukikana unapimwa DNA na mchezo umekwisha. Msemaji wa upinzani akamrukia: "Na baba akiwa amekufa utampima nani? Utapima jeneza?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu. Mlezi wa chama aliniona. Baadaye aliniita akaniuliza kama ningependa kuandika ninachokijua. Nilimwomba Mama ruhusa kwanza, naye akasema niandike, ila nisitaje jina la mtu.

Wale tuliokuwa pamoja kidato cha kwanza mnakumbuka kwamba baba yangu alifariki Novemba 2024. Alikuwa dereva wa lori, njia yake ile ya Mombasa hadi Malaba. Wengine wenu mlikuja mazishini kwetu karibu na Webuye. Yamkini mlimwona mwanamke mmoja aliyejifunga leso, ameketi nyuma kabisa ya hema pamoja na msichana wa miaka kumi hivi. Walikuwa wametoka Mtito Andei, wakasafiri usiku kucha. Msichana yule alikuwa na uso wa marehemu nyanya yetu kama unavyoonekana katika picha iliyotundikwa sebuleni. Paji ni lile lile, na mwanya wa meno ya mbele ni ule ule. Shangazi alipomwona aliacha kulia akabaki kumkodolea macho. Baba mdogo naye alikwenda kumwuliza mama mtu wametumwa na nani.

Mama yule alisema msichana ni mtoto wa baba yetu. Alikuwa na ujumbe wa M-Pesa katika simu yake, pesa za kila mwisho wa mwezi kwa miaka kadhaa, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kisichokuwa na jina la baba. Baba mdogo akasema pesa si damu, na kwamba dereva wa masafa marefu hulipa madeni mengi njiani. Mama yangu hakusema kitu. Alikaa hivyo bila kusema kitu miezi mingi.

Baba aliacha ekari moja na nusu, hisa za chama cha akiba na mkopo, na nyumba tunayoishi. Si utajiri. Lakini kwa msichana aliyekuwa darasa la tano, na mama yake anauza maji na ndizi kando ya barabara, fungu la urithi ni karo. Na kwetu sisi, nisiwafiche, kila mtu anayeongezeka ni kipande kinachopungua. Ndivyo jambo lilivyoanza.

Kwanza tujibu lile swali la jeneza, maana si swali la kijinga. Maiti hupimwa. Kama watu wanajua mapema kuwa patazuka ubishi, njia nyepesi kuliko zote ni kuomba sampuli ichukuliwe mochari kabla ya mazishi: damu, kipande cha nyama au jino. Lakini ni nani katika kilio huwa na moyo wa kuwaza hayo? Isitoshe, mochari nyingi huhifadhi maiti kwa formalini, na dawa hiyo huharibu DNA kadiri siku zinavyopita. Baada ya mazishi kinachoweza kusaidia ni mifupa na meno, na hivyo havipatikani bila kufukua. Kufukua nako si kwenda na jembe tu, ni lazima kuwe na kibali rasmi. Mfano uliovuma duniani kote ni wa mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí, aliyefariki mwaka 1989. Julai 2017 kaburi lake lilifunguliwa kwa amri ya jaji kwa sababu mwanamke mmoja alidai kuwa binti yake. Zilichukuliwa nywele, kucha na mifupa, na waliokuwapo walisema masharubu yake mashuhuri yalikuwa bado yamesimama vile vile alivyoyapenda. Septemba mwaka huo huo matokeo yakatoka: huyo si binti yake. Kwetu sisi, neno kufukua lilitajwa mara moja tu. Shangazi alisema atakayeshika jembe aanze kwa kumfukia yeye.

Kuna vitu vingine pia. Mswaki au wembe wa marehemu waweza kuwa na DNA yake, lakini mtu atauliza, una hakika gani ni wake? Hospitali nazo huweka vipande vya nyama walivyompima mgonjwa, vikiwa vimegandishwa katika nta, na mara nyingine hivyo hufaa. Baba hakuwahi kulazwa. Mswaki wake ulikwisha kutupwa siku ya kufagia nyumba.

Nadhani ni haki kusema pia kwamba sheria haianzi na damu. Mimi mwenyewe sikulijua hili. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 3, inasema kwamba kwa upande wa mwanamume, mtoto ni pamoja na yule aliyemtambua waziwazi, au aliyemkubali kwa vitendo kuwa wake, au aliyejitwika jukumu lake la kudumu kwa hiari. Kwa hiyo mtoto asiye wa damu yako aweza kukurithi ikiwa ulimlea kama wako. Kifungu cha 29 nacho kinawahesabu watoto wa marehemu kuwa wategemezi wake, awe alikuwa akiwatunza alipofariki au hakuwa akiwatunza. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. (Waislamu wana sheria yao ya mirathi, na Makadhi wao.)

Hata lile pengo katika cheti cha kuzaliwa lina historia yake. Msichana huyu alizaliwa mwaka 2014. Wakati huo sheria ya kuandikisha vizazi haikuruhusu jina la baba asiye mume liandikwe, isipokuwa yeye na mama waombe pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi Baba mdogo alipokitikisa kile cheti mbele ya chifu akisema "mnaona, hapana jina," hakuwa amethibitisha chochote.

Wahenga nao walisema kitanda hakizai haramu, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118, inasema karibu hayo hayo: mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwapo, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, huhesabiwa kuwa wa mume, mpaka ithibitishwe kwamba mume na mke hawakuweza kukutana. Kama mama wa Mtito Andei angekuwa mke wa mtu mwingine, kazi yake ingekuwa nzito mara mbili. Hakuwa ameolewa.

Kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa ungeweza kutosha mahakamani. Lakini kesi huchukua muda, na wakili hula pesa. Chifu aliwaambia wazee wetu: "Mkisikizana nitaandika barua moja, msiposikizana nendeni kortini." Shangazi ndiye aliyesema tupime. Akauza ng'ombe.

Sasa nieleze hicho kipimo. Jenetiki ni somo la kidato cha nne, kwa hiyo mnivumilie. Mwalimu wa Biolojia aliniazima kitabu na kunisahihisha mara tatu.

DNA imo ndani ya seli zetu, imefungwa katika kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa mama, nyingine kwa baba. Maabara haisomi DNA yote. Huchagua sehemu chache, 15 au hata zaidi ya 20, ambazo watu hutofautiana sana. Katika sehemu hizo kijineno kifupi cha DNA hurudiwarudiwa. Kwa huyu mara 9, kwa yule mara 14, na kadhalika. Wataalamu huhesabu tu.

Fikiria leso. Leso huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Sasa chukulia kwamba katika kila sehemu inayopimwa wewe una vipande viwili vya leso, kimoja kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba, ila tofauti na leso za dukani, vipande hivi mara nyingi havifanani maua. Baba yako naye ana vipande viwili katika sehemu hiyo hiyo, na alikupa kimoja tu, bila kuchagua, kama anayeingiza mkono gizani sandukuni.

Baba akiwa hai, kazi ni rahisi. Katika kila sehemu ni lazima mtoto awe na kipande kimojawapo cha baba. Zikipatikana sehemu kadhaa ambazo hana, basi huyo si baba. Mara moja moja huweza kutokea badiliko dogo, kwa hiyo sehemu moja haitoshi kumwondoa mtu, lakini sehemu nne au tano zinatosha. Na akiwa na kipande cha baba katika sehemu zote, ushahidi huwa mzito sana, zaidi ya asilimia 99. Ndio maana yule mwenzetu wa kwanza alisema mchezo umekwisha.

Ndugu wakipimana mambo hayawi hivyo. Mimi na yule msichana, tukiwa kweli wa baba mmoja, katika kila sehemu Baba alinipa mimi kipande kimoja na yeye akampa kimoja. Huenda ni kile kile, huenda ni kile kingine. Nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Katika sehemu 20 twaweza kutarajia kulingana katika 10 hivi, lakini sarafu haina adabu, ikipenda huanguka upande mmoja mara nyingi. Kwa jumla ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali hushiriki robo ya DNA kwa wastani, ilhali ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki nusu kwa wastani. Zingatieni hilo neno wastani. Mzazi na mtoto ndio wasio na wastani, wao ni nusu kamili.

Tena kuna jambo la maua. Kama kipande tunacholingana ni cha maua yanayopatikana katika kila duka, kulingana kwetu si hoja kubwa, hata wewe msomaji huenda unacho. Lakini tukilingana kwa maua adimu, yanayovaliwa na watu wachache, hapo ushahidi unapata uzito. Na kila sehemu tusipolingana kabisa, hesabu ya undugu hukatwa nusu. Mwishowe maabara huzidisha hesabu za sehemu zote, na kutoa jibu moja: ni mara ngapi yaelekea zaidi kwamba hawa ni ndugu kuliko kwamba ni watu baki.

Mimi ndimi niliyejitolea kwanza. Nilijiona shujaa. Aprili 2025 tulikwenda, mimi na Shangazi, na mama yule akamleta binti yake. Hakuna sindano. Unasuguliwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu, upande huu na upande huu, kinatiwa bahasha, bahasha inafungwa kwa lakiri, unapigwa picha, na mashahidi wanatia sahihi. Mama alikuwa ametia sahihi fomu yangu kwa sababu mimi sijafika miaka 18, lakini yeye mwenyewe alikataa kwenda. Ule utaratibu wa bahasha na picha si mapambo. Mate uliyojichukulia nyumbani hayana thamani kortini, maana nani ajuaye ni mate ya nani?

Jibu lilikuja: mara tatu. Yaani yaelekea mara tatu zaidi kwamba sisi ni ndugu kuliko kwamba si ndugu. Chini yake wakaandika kwamba kiasi hicho hakitoshi kuthibitisha wala kukanusha. Sijapata kuona karatasi moja ikifurahisha watu wanaopingana namna ile! Mama wa msichana alisoma "mara tatu" akamshukuru Mungu. Baba mdogo alisoma "hakitoshi" akaagiza soda.

Ng'ombe alikuwa amekwenda na hatukuwa tumejua chochote. Shangazi alirudi maabara peke yake, akiwa amekasirika, na mtaalamu mmoja mwanamke akamketisha akamweleza jambo ambalo lingetufaa kuambiwa mwanzo. Alisema: mmemleta mvulana kumpima na msichana, na hao ndio wawili wagumu kuliko wote.

Sababu ni hii. Katika zile jozi 23, jozi moja ndiyo inayoamua mvulana au msichana. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Mvulana hupata Y kwa baba, na Y hiyo hupita kutoka baba hadi mwana karibu bila kubadilika, kama kofia ya ukoo. Laiti yule mtoto angekuwa mvulana, tungelinganisha Y zetu. Zikitofautiana sana, basi hatuna baba mmoja. Zikilingana, hapo kuna kikwazo: kofia hiyo hiyo anayo Baba mdogo, na alikuwa nayo Babu, na wanayo binamu zangu wote wa kiumeni. Y hukutajia ukoo, haikutajii baba.

Wamarekani wanalijua sana jambo hili. Rais wao wa tatu, Thomas Jefferson, alifariki mwaka 1826, na kwa miaka mingi palikuwa na maneno kwamba alizaa watoto na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Mwaka 1998 wanasayansi walipima Y ya mzao wa Eston, mwana mdogo wa Sally, wakailinganisha na Y za wazao wa baba mkubwa wake Jefferson, kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana wa ndoa aliyeendeleza ukoo. Zikalingana. Lakini Jefferson alikuwa na ndugu, na ndugu huyo alikuwa na wana, wote wa kofia ile ile. Ilibidi wanahistoria warejee kwenye madaftari, wakaona kwamba kila mara Sally aliposhika mimba, Jefferson alikuwa nyumbani. Kwa hayo mawili kwa pamoja wengi wao wakaridhika kuwa ni yeye.

Msichana hana Y. Mimi nina Y ya Baba, na X yangu nilipewa na Mama. Kwa hiyo ile jozi ambayo ingesema wazi, kati yangu na msichana yule, haina la kusema. Shujaa nilikuwa si wa maana sana.

Aliyekuwa wa maana ni Dada. Mwanamume ana X moja tu. Hana ya kuchagua gizani, hana kipande cha pili. Kila binti anayemzaa anampa hiyo hiyo nzima. Kwa hiyo mabinti wa baba mmoja, hata kama mama ni mbalimbali, ni lazima wawe na X moja inayofanana mwanzo hadi mwisho. Na X haina lile tatizo la kofia: ndugu wawili wa kiume walipewa X zao na mama yao, ambaye ana mbili na huzichanganya upya kila anapozaa, kwa hiyo kwa kawaida X za ndugu hao hazifanani kote. Nyanya angekuwa hai angefaa pia, kwa sababu X ya Baba ilitoka kwake.

Mtaalamu aliomba na mama wote wawili wapimwe. Hii ndiyo sehemu ya hesabu iliyonipendeza zaidi. Ukijua vipande vya mama, unaviondoa kutoka kwa mtoto, na kinachobaki ni cha baba, hata kama baba hujamwona kamwe. Ukiwa na watoto kadhaa, unaweza kumshona baba upya kutokana na mabaki yake kwa watoto wake.

Tena si jambo jipya. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua alama za DNA tarehe 10 Septemba 1984, na kesi ya kwanza kabisa iliyomfikia, mwaka 1985, ilikuwa ya namna hii hii. Kulikuwa na mvulana wa familia iliyotoka Ghana. Alizaliwa Uingereza, akaenda kuishi na baba yake Ghana, na aliporudi wakubwa wa uhamiaji wakashuku kuwa si yeye, labda ni mtoto wa dada ya mama yake. Baba hakupatikana kupimwa. Jeffreys akachukua damu ya mama, ya mvulana, na ya ndugu zake watatu ambao hawakuwa na utata. Alama ambazo hao ndugu walikuwa nazo na mama hakuwa nazo, zilikuwa za baba. Kisha akamtazama mvulana: kila alama aliyokuwa nayo ilikuwa ama ya mama ama ya baba yule aliyeshonwa upya. Serikali ikamruhusu kukaa na mama yake. Hebu fikirini, kesi ya kwanza ya DNA duniani iliamuliwa kwa msaada wa ndugu, baba hayupo!

Rudini kwetu sasa. Dada ana miaka 21, yuko chuo cha ualimu, hakuna wa kumtilia sahihi wala wa kumlazimisha. Mahakama inaweza kuombwa iamuru kipimo, lakini hupima pia haki ya mtu juu ya mwili wake na faragha yake, wala haitoi amri ovyo. Dada alisema, "Mimi ndugu yangu ni mmoja tu," akakata simu. Baba mdogo, aliyekuwa ameombwa pia, alisema damu yake haitoki nje ya boma.

Aliyeanza ni Mama. Jioni moja tukichambua mboga alisema ataenda. Nilimwuliza kwa nini, akasema amechoka kuulizwa sokoni. Nadhani ilikuwa zaidi ya hapo, lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi si kata. Alikwenda akafungua kinywa chake, akasuguliwa kile kijiti kwa ajili ya mtoto wa mwanamke mwingine, naye mwanamke huyo ameketi kwenye benchi lile lile. Waliulizana habari ya safari. Dada aliposikia kwamba Mama amekwenda, alipanda matatu siku iliyofuata bila kumwambia mtu.

Maabara ile haikuwa na kipimo cha X, ikazipeleka sampuli nje ya nchi. (Mkifikwa na haya, ulizeni kabla ya kulipa: mnapima nini, X, Y, au zile sehemu za kawaida tu?) Tulingoja kutoka Agosti hadi Oktoba 2025. Walikuwa wamepima sehemu 12 kwenye X. Ukiondoa kipande cha Mama kwa Dada, na cha mama yule kwa binti yake, vilivyobaki vililingana katika sehemu zote 12. Na zile sehemu za kawaida, zilipohesabiwa upya kwa watu wote watano pamoja, hazikusema tena mara tatu, zilisema maelfu.

Dada ndiye aliyeisoma karatasi. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, kisha akauliza msichana huvaa kiatu namba gani.

Msidhani karatasi hiyo ilimaliza kila kitu. Kama mama yake ni mke wa marehemu au si mke, DNA haina jibu, hilo ni shauri la ndoa na mashahidi. Nani apate kipande gani cha shamba, DNA haijui. Na kwa nini Baba hakutuambia, hiyo hakuna maabara inayopima.

Desemba msichana alikuja kwetu wiki mbili, akalala chumba cha Dada. Nilimpeleka sebuleni nikamwonyesha picha ya Nyanya, nikidhani atashangaa. Aliitazama kidogo, akasema, "Kaka, choo kiko wapi?"

Chifu ameandika barua upya. Ile ya kwanza ilikuwa na majina matatu, Mama, Dada na mimi. Hii ina manne. Tangazo likitoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi ana siku 30. Baba mdogo amesema atapinga. Shangazi amesema ana ng'ombe mwingine.